Nilibebaka Mawe Mbele ya Kubeba Muntu

Asifiwe Bwana mwenye anatubebaka, bandugu yangu! Asifiwe tena!

Pasta aliniomba nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Nilimujibu: Pasta, kusimama njo kintu yenye imenishinda. Nikisimama kidogo, magoti inaanza kutoa ushuhuda yake yenyewe. Akasema, basi Baba, uandike, tutasoma. Njo naandika hapa, na mukono ya fundi wa nguo mwenye hakumalizaka masomo. Mutanisamehe. Nilijua kushona mbele ya kujua kuandika, na mupaka leo mustari yangu inaenda sawa sindano: inaingia, inatoka, inarudi nyuma kidogo, alafu inaendelea.

Niko muntu wa kuchoka. Nasema ile bila haya. Kuko bashahidi benye banasimamaka hapa na kusema, "Bwana aliniondolea kuchoka yote, niko sawa kijana!" Mimi hapana. Bwana aliniokoa na lufu, ni kusema kifo, na woga, na haya mukubwa kupita lufu. Mais, lakini, kuchoka aliniachia. Labda aliona ni kintu yangu, akanirudishia.

Bon. Nianze kwenye inaanzia.

Wakati ile, hii Lubumbashi yetu ilikuwaka inaitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitenga na inchi ingine yote. Bendera ingine, feza ingine, basoda na bunduki kila fasi. Mimi nilikuwa nashona kwa baraza ya duka ya Muzee Ramazani, mwislamu mwenye babu yake alitokaka Maniema. Muntu muzuri sana. Hakuniombaka nifuate dini yake, na mimi sikumuombaka afuate yangu. Tuliombeanaka paka afya na baclients, ile tu.

Masini yangu ilikuwa ya kukanyaga na miguu. Bantu banafikiri kukanyaga masini inaleta nguvu. Bongo, uongo tupu! Inaleta nguvu ya vidole tu. Nikitoka nyumbani mupaka kanisani nilikuwa nahema sawa mbwa mwenye amefukuza gari. Nilikuwa mwembamba, muoga, na kila mangaribi mugongo iliniuma sawa ya muntu mwenye amelima shamba ya mufalme. Na sikulima hata kijembe moja.

Bibi yangu Ngoie alikuwa na mimba. Zile za mbele ziliharibika, hatukushika hata mutoto moja. Sasa hii ilikuwa imekaa, na Ngoie alikuwa anaishika na mikono mbili, sawa muntu mwenye anabeba mayai mu mvua. Kila asubui wimbo yake ilikuwa ile ile: "Hii mutoto hatatoka muzima kama mama hayuko hapa. Mama njo alizalishaka bamama bote ba mugini, ba kijiji yetu. Uniletee mama."

Na mama yake alikuwa wapi? Ng'ambo ya Mitwaba, kule juu, kwenye bita ilikuwa inaenda na kurudi. Muchuuzi moja alituletea habari: mugini imechomwa, bantu bamekimbilia mulimani, banakula mizizi. Na mama alikuwa na kidonda ya zamani ku muguu, muguu imevimba, hawezi kutembea. Muchuuzi alisema wazi: "Mvua ikianza, bale wazima batashuka ngambo ingine. Yeye atabaki kwenye eko." Alafu akaomba maji ya kunywa. Habari mubaya inakaushaka koo ya mwenye kuileta.

Ngoie hakulia. Aliacha kula tu. Njo niliogopa.

Sasa, bandugu yangu, lazima niwaeleze kintu, juu batoto ba leo hamujui. Kwetu, bwana na mama ya bibi yake habaonane. Habagusane. Habaitane jina. Mimi sikuwaka nimeona uso ya mukwe yangu hata siku moja. Siku ya ndoa yeye alikuwa nyuma ya nyumba, mimi mbele. Tukikutana njiani, yeye anafunika kichwa na kitambaa, mimi naingia mu majani, hata kama mu majani kuko miiba. Na jina yake sitaandika hapa, ataniamukia mu kaburi. Si chuki! Ni heshima. Heshima iko sawa moto, unaota ukiwa mbali kidogo. Kuko siku bazee banapangaka, banatoa kuku na jembe, banakula pamoja, na macho inafunguka. Kwetu sisi, bita ilifika mbele ya ile siku.

Alors, tuliketi kupanga. Kuko Kabamba, kaka ya Ngoie, kijana moja wa mabega sawa mulango. Ujana yake yote alibebaka mizigo ya bazungu benye balitafutaka mawe ya thamani mu milima ya Mitwaba. Tukasema: Kabamba atabeba mama yake. Mimi nitabeba chakula na maji ya bote. Muzee Ramazani alikuwa anatumaka kamio yake, lori kubwa, kule juu kuchukua samaki ya kukauka, mupaka kwa daraja yenye ilikuwa imekatwa. Toka pale, ni miguu.

Kabamba akaangalia miguu yangu. Akaiangalia sana.

"Shemeki," akasema, "hii ni miguu, ao ni uzi ya kushonea?"

"Ni yenye Mungu alinipa."

"Mungu alikupa uzi. Basi tufanye kamba."

Mimi nilikuwa naomba Bwana anipe mabawa sawa ya tai. Nilifunga, nililia. Na Bwana alinijibu na mawe! Kabamba aliniambia nishone sakado, mufuko kubwa ya kubeba ku mugongo, ya bashi, ile kitambaa nguvu ya kufunika kamio, na kamba pana za mabega. Nikashona. Niliweka uzi mbili mbili, na nguo kuukuu ndani ya mabega juu isikate ngozi. Ile sakado ilikuwa nzuri, nasema kweli, naweza kuisifu juu Pasta haoni bado. Alafu Kabamba akaijaza mawe.

Tulikuwa tunatoka kila siku nikimaliza kushona, tunaenda upande ya Kasapa na kurudi. Leo Kasapa ni batoto ba université na vitabu yao, na kule Hewa Bora bantu bamejenga mupaka nyumba inakanyagana. Wakati ile ilikuwa majani, vichuguu, na mimi na mawe yangu.

Siku ya kwanza nilitapika. Siku yenye ilifuata nilitapika mbele ya kuanza. Kabamba hakunihurumia, mais alinifundisha. Kintu ya muzito ikae juu, karibu ya shingo. Ikikaa chini inakuvuta nyuma sawa mutoto mwenye hataki masomo. Hatua ikuwe fupi. Usiangalie mulima, angalia kisigino ya muntu mwenye eko mbele yako. Na usikae chini! "Muntu wa muzigo akikaa chini kijana, anasimama muzee." Alinikatia fimbo ya panda, yenye kichwa kama mikono mbili. Ukichoka, unasimamisha fimbo nyuma, muzigo inakaa ku panda, wewe unapumua na miguu iko chini yako. Njo bapagazi ba zamani balipumuaka. Na kila juma aliongeza jiwe. Hakuniambia. Ni mabega iliniambia.

Jirani! Mungu awape bote jirani. Mama moja alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, kwa kona, hakukosaka siku.

"Fundi, ile mawe inaenda wapi?"

"Kasapa, Mama."

"Inafanya nini kule?"

"Inarudi."

"Yooo! Hata mawe inatembezwa! Na mimi bwana yangu anakataa kunipeleka paka sokoni."

Na basoda ba bariere, ile kizuizi ya njia, pale njia ya Kasapa inatokea. Mara ya kwanza balinifungulisha sakado, bakafikiri naiba mukuba, ile shaba. Soda moja wa meno ya kuachana alichukua jiwe akalilamba. Akatema. Akaniuliza kama niko na wazimu. Nikasema niko na shemeki. Balicheka mupaka bakaketi. Toka ile siku jina yangu ikawa Fundi ya Mawe, na nikipita banapiga saluti. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, nimechekwa, mabega inawaka, na Ngoie ananiangalia tu ku mulango, mukono ku tumbo. Hakucheka yeye. Ananipa maji, anasema, "Na kesho?" Ninajibu, "Na kesho."

Bon. Siku ikafika. Muzee Ramazani mwenyewe aliendesha. Pale daraja imekatwa akatushusha, akasema: "Nitarudi hapa mara moja tu mbele ya mvua. Mukikuta kamio, mupande. Musipokuta, musinilaumu mimi. Mulaumu mawingu." Alafu akafungua mikono akatuombea kwa kiarabu, na mimi nikasema amina. Musinihukumu. Muntu akiwa kwa daraja ya kukatwa, anasema amina.

Tukapanda mulima. Mimi na sakado ya bunga na samaki, Kabamba mbele, mikono mitupu, mabega yake inangojea mama. Nilikuwa naangalia kisigino yake vile alinifundisha. Na ni ile kisigino niliona ikiteleza. Jiwe moja tu, bandugu! Jiwe moja tu yenye ilikuwa pale toka Mungu aumbe dunia, ikingojea Kabamba. Goti yake ikageuka fasi yenye goti haigeukake. Tulifika kule mafichoni, yeye akiruka na muguu moja, ananishika bega, jasho inatoka sawa mvua. Na akalala. Na goti ikavimba sawa kichwa ya mutoto.

Mulikwisha kuelewa? Mwenye alijua kubeba, hawezi. Mwenye alipaswa kubebwa, eko nyuma ya jiwe kubwa, amefunika kichwa, juu mimi nimefika. Na mbele yao mimi, na ile haya ya bukwe.

Bale bazee ba mulimani balikuwa bachache, bamekonda. Balisema mambo iko wazi, fundi amubebe. Na toka nyuma ya jiwe ikatoka sauti. Ilikuwa mara ya kwanza niisikie ikisema mbele yangu. Alisema Kiluba, mimi naandika Kiswahili juu mupate kusikia bote.

"Muniache hapa. Mimi niende nimepanda mugongo ya bwana ya mutoto yangu? Macho yangu nitaificha wapi? Bantu batasema niliishi sana mupaka nikakosa haya."

Kabamba akaomba. Bazee bakaomba. Yeye hapana. Mimi nilikuwa nimegeukia miti, nasikia na masikio tu, na ndani ya roho nikasema: Bwana, nilibeba mawe yako yote. Kumbe nilibeba bure?

Njo mama muzee moja, dada ya mukwe, alikuwa anatafuna muzizi, akasema bila kuinua kichwa: "Haya iko ku macho na ku ngozi. Basi bakae mugongo ku mugongo. Huyu aangalie mbele, huyu aangalie nyuma. Na kati yao kitambaa. Nani ataona nani?"

Hata Kabamba aliacha kulia goti yake.

Bandugu yangu, nilikuwa na sindano! Fundi hatembeake bila sindano, inakaaka mu kofia. Nikamwaga ile bunga kwa bazee, nikafumua sakado upande moja, nikashona ndani yake kiti kidogo cha kukalia, kwenye muntu anaweza kuketi akiangalia nyuma, miguu inje. Bashi ikawa ukuta kati yake na mimi. Ni nguo moja yenye nilishonaka maisha yangu yote bila kupima muteja. Nilikisia. Bakamuketisha, mimi nimegeuka. Bakafunga. Nikaweka fimbo chini, nikasema jina ya Yesu, nikasimama.

Na nikaanguka.

Juu ya nini? Juu jiwe na muntu si kintu moja! Hapa njo tulikosea, mimi na Kabamba. Nilizoea muzigo yenye inakaa kimya. Jiwe haikohoake. Jiwe haigeuke kuona ndege. Jiwe haina woga. Na muntu akiogopa, anakuwa muzito, naapa, anakuwa muzito kuliko vile eko. Kabamba akapiga kelele toka chini, "Hatua fupi, shemeki! Fupi!" Nikasimama tena. Kabamba balibaki naye pale, bale bazee, bakamuchunga. Bita ilipokwisha alishuka mwenyewe, anachechemea, na mupaka alipokufa alikuwa anasema mimi ni mwanafunzi yake mubaya sana.

Basi tukaenda, bawili, kila moja na upande yake ya dunia. Mimi naona njia yenye inakuja, yeye anaona njia yenye imepita. Hakuna kisigino mbele yangu. Na hakuna muntu wa kupitisha maneno! Juu kwetu mukwe akitaka kusema na wewe, anaambia muntu mwingine, ule anakuambia. Sasa pale nani? Tulienda muda murefu. Alafu nikasikia:

"Wewe fimbo."

Nikafikiri amechanganyikiwa.

"Wewe fimbo, uambie ule mwenye anakushika kama matawi inanipiga kichwa."

Nikapita chini kidogo. Na mimi nikasema, "Fimbo, umuambie mama kama nimesikia."

Njo vile tulienda! Fimbo ikawa muntu wetu wa katikati. Fimbo, anataka maji. Fimbo, umuulize kama muguu inauma. Fimbo, umuambie haimuhusu, atembee. Fimbo, kuko moshi kule nyuma, aingie mu majani. Tukaingia mu majani, basoda bakapita, nafikiri ni basoda, nilisikia viatu. Alikuwa ananionea hatari ya nyuma, mimi naona ya mbele. Muntu moja hana macho vile. Nilipumua ku panda ya fimbo, sikukaa chini. Kamba ilifungua ngozi, nguo ya bega ikashikamana na damu. Chakula tuliachia bazee, tulikuwa na kamuhogo kakavu tu. Nilitoa yangu nikamupitishia juu ya bega bila kugeuka. Akarudisha nusu, bila kusema hata na fimbo.

Alafu mawingu ikaja. Ile mawingu ya Muzee Ramazani. Mupando wa mwisho mbele ya kuona daraja. Na pale, bandugu yangu, miguu yangu ilikwisha. Sisemi ilichoka. Kuchoka nakujua, ni ndugu yangu wa nyumba. Ilikwisha, sawa uzi ikikwisha ku masini: unakanyaga, sindano inapanda inashuka, na hakuna kinashonwa. Nikaanguka na magoti. Fimbo ikatoka mu mukono, ikateremuka mupaka chini kwa korongo. Niliisikia ikigonga mawe, ikigonga, alafu kimya.

Nikasema kwa sauti: "Bwana, mawe yote ya Kasapa yamekwisha. Hakuna tena kintu mimi nilijifunza. Kama uko, ubebe wewe."

Ni maombi yangu mafupi kupita yote. Sikulia hata. Sikuwa na maji ya kulia.

Na nyuma yangu, sauti. Fimbo haiko tena. Alikuwa na njia mbili: kunyamaza na heshima yetu ifie pale pamoja na sisi, ao kusema na mimi.

Akasema: "Mutoto yangu."

Si kwa fimbo. Kwa mimi.

"Mutoto yangu, mimi naona kwenye tumetoka. Wewe huioni, ile mulima uko nayo ku mugongo. Ni kubwa sana. Tumeshuka ile yote. Aliyekupitisha pale hawezi kushindwa na hii kichuguu."

Na hakuwa mukristo ule mama! Hakujua mustari hata moja. Mais alikuwa ameketi fasi yenye kazi ya Mungu inaonekana. Mimi nilikuwa naangalia paka kichuguu.

Nikasimama. Musiniulize ginsi gani. Siku zote mupaka leo najiuliza. Magoti ilikuwa imekwisha, na nikasimama! Halleluya! Tukafika juu, na kule chini kamio ilikuwa pale, injini inawaka, Muzee Ramazani anaangalia mbingu na kufunga bashi ya samaki. Mvua ilianguka tukiwa tumepanda.

Mungeniambia, ushuhuda imekwisha. Bado. Kulibaki bariere, ile ile ya njia ya Kasapa.

Muzee Ramazani alitushusha mbele ya kufika pale, juu kamio zote zilikuwa zinafunguliwa, na bantu ba kule juu benye bakikutwa ndani balikuwa banawekwa pembeni. Kuko benye balipelekwa na hatukuwaona tena. "Mupite na miguu sawa bantu ba hapa," akasema. "Nitawangojea ngambo." Basi nikamubeba tena. Nikamunong'oneza: "Mama, hapa usiseme hata neno." Juu Kiluba yake ingetuuza, basoda ba Katanga balikuwa banapigana na bantu ba luga ile. Nikasikia amekuwa muzito. Woga. Nilikwisha kuijua ile uzito.

Na nani eko ku bariere? Ule wa meno ya kuachana.

"Fundi ya Mawe! Tulisema umekufa! Lete sakado tuone leo umechagua mawe ya wapi."

"Baba, leo haifunguke."

"Juu ya nini haifunguke?"

Uongo yote yenye nilipanga ilikimbia. Nikasema kweli tu: "Ni mukwe yangu."

"Mukwe gani?"

"Mama ya bibi."

Soda mwingine alikuwa amezunguka kuangalia nyuma yangu. Aliposikia ile, aliruka sawa muntu mwenye amekanyaga siafu.

"Aa! Aa! Ni kweli! Ni mama! Mungu wangu, nimemuona!" Akafunika macho na kofia. "Wewe muntu, uko na akili? Mukwe, ku mugongo? Bazazi yako banajua?"

"Muguu yake inaoza, Baba. Hakuna mwingine."

"Usituletee mikosi hapa!" ule wa meno akapiga kelele. "Geukeni bote! Geukeni, mama apite! Mumuheshimu!" Na bale basoda bote, na bunduki yao, bakageukia majani, bakatupa mugongo, sawa vile mama zao balibafundisha. Hakuna mwenye aliuliza tunatoka wapi. Hakuna mwenye aliuliza kabila. Nikapita katikati na hatua fupi. Nyuma yangu ule wa meno akapiga tena kelele, bila kugeuka: "Na umupe kuku ule mama! Kuku mukubwa!"

Tulipofika mbali, nikasikia mugongo yangu inatetemeka. Nikafikiri analia. Kumbe anacheka! Alicheka mupaka mimi pia, na kucheka ukiwa na muntu ku mugongo ni kazi, musijaribu.

Nikafika ku mulango. Ngoie alikuwa pale, na tumbo yake kubwa, amekonda uso. Jirani bakamushusha mama ku mukeka. Mimi nikageukia ukuta vile napaswa, nikabaki naangalia matofali. Nilisikia balikumbatiana. Alafu ile sauti ikasema: "Ngoie, umuambie ageuke."

Ngoie akasema, "Mama, kuku bado."

"Kuku alikwisha kutoa. Nilimuona akitoa njia yote. Umuambie ageuke."

Nikageuka, bandugu yangu. Nikaona uso ya muntu mwenye uzito yake naijua kupita uzito ya kintu yoyote ku dunia. Na ilikuwa uso ya Ngoie, yenye imezeeka. Paka ile tu. Mutoto alizaliwa mikononi yake, muzima, analia sana. Ile mutoto njo ule mama mwenye anaimba sauti ya kwanza mu chorale yetu, munamujua bote.

Sasa nimechoka kuandika. Mais nimalize hii.

Munaniuliza juu ya nini nilisema Bwana anatubebaka. Juu ya ile sakado. Kila siku banatuambia kama tuko kwa mugongo ya Mungu, na sisi tunalalamika: basi juu ya nini simuone? Juu ya nini naona paka njia yenye imepita, moto yenye imepita, benye tulizika, na yenye inakuja siione? Ndugu yangu, ni juu umeketi mugongo ku mugongo. Yeye anaangalia mbele. Wewe angalia kwenye umetoka, uone ile mulima, uhesabu mwenyewe nani alikupitisha. Uso yake hatujaona. Na wewe mwenye haujamuamini bado, mwenye unabeba mawe yako kwenda na kurudi na bantu banacheka, kuya, njoo. Ketisha ile uzito kwa mugongo yenye haishindwe.

Mimi magoti yangu haiko tena. Njia yangu imebaki fupi, na sijui bariere ya mwisho iko na soda gani. Mais siku ingine nitafika ku mulango ya Bwana, naangalia ukuta sawa kawaida yangu. Na nitasikia muntu anasema: Umuambie ageuke.

Shukrani kwa Bwana, bandugu yangu. Amina.